Jiko la Cimpunda: Moto Ukae Wapi, Maji Yaende Wapi

Kuna watakaoshangaa kuona mwalimu anaandika juu ya jiko katika kijitabu cha mila. Watasema: mila ni ndoa, ni majina ya watoto, ni kilio, ni heshima kwa wazee, jiko ni sufuria, makala na moshi, basi. Mimi ninaona tofauti. Ukitaka kujua watu wa nyumba fulani wanaishi namna gani, usiangalie saloni yao, juu saloni inapangwa kwa ajili ya wageni. Angalia moto wao unakaa wapi, nani anaruhusiwa kuukaribia, na maji yao machafu yanateremkia kwa nani. Hapo ndipo utaona mila yao, hata kama wao wenyewe hawaiite hivyo.

Ninaandika kutokana na kazi tuliyoifanya nyumbani kwetu Cimpunda mwaka 2023: kuongeza jiko kwenye nyumba ya zamani. Si jambo kubwa. Ni chumba cha mita 4 kwa 3. Lakini kabla ya tofali la kwanza kulala chini tulizungumza miezi mitatu, kuanzia Machi mpaka Mei, na katika mazungumzo yale nilisikia mambo ambayo sikuyasikia darasani, wala katika ile miaka yangu yote ya ISP.

Kwa asiyeijua Cimpunda, nitasema kidogo. Ni kartie moja ya komini ya Kadutu, pamoja na Nyamugo, Nkafu, Mosala, Kasali na nyingine. Bukavu ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1901, ikabeba jina la Costermansville mpaka miaka ya 1950. Waliochora mji ule hawakufikiri kwamba tutakuwa wengi namna hii. Leo nyumba zimebanana kwenye mteremko kama watoto kwenye benchi ya masomo: mlango wa mmoja unatazama manjanja ya mwingine. Nyingi ni za mbao juu ya msingi wa mawe. Gari haiingie kila avenii. Mahali pengine hata pikipiki inakataa, unashuka, unatembea.

Nyumba yetu ilijengwa na baba mukwe katika miaka ya 1970: vyumba vitatu, saloni, barza mbele, na mbao ngumu ambazo mpaka leo msumari unapinda ukizigonga. Jiko lilikuwa kibanda nyuma, manjanja yaliyokwisha kutumika, moto chini juu ya mafiga matatu. Tetemeko la Jumapili 3 Februari 2008, lile la nguvu ya 5.9 ambalo watu wa Bukavu hawalisahau, liliinamisha kibanda kile. Tukakisimamisha kwa miti. Kikabaki hivyo, kama mzee na fimbo yake, mpaka mvua za mwisho wa 2022 zilipokimaliza. Mama mukwe, ambaye ndiye mwenye jiko, akaanza kupika akishikiwa mwavuli na mjukuu.

Pesa tulizipata kwa likelemba. Sisi walimu kumi tunatoa kila mwezi dola 30 kila mmoja, na mmoja anabeba 300. Zamu yangu ilikuwa Mei. Bwana wangu aliongeza alichokuwa nacho, shemeji zangu wakaleta simenti. Hapo ndipo maneno yalipoanza, juu kila aliyetoa kitu alikuwa na jiko lake kichwani.

Fundi masoni alikuja na meta yake, akazunguka nyuma ya nyumba mara moja, akasema: "Madamu, jiko ni kuta ine na mulango. Nipe mahali tu, mimi nitasimamisha." Shemeji mkubwa akataka tutoboe ukuta wa saloni, jiko liingie ndani kabisa. "Watu ya Muhumba banapika ndani," akasema. "Siye tutabakia na moshi ya inje mpaka lini?" Mama mukwe alikuwa anachambua lenga-lenga. Hakuinua kichwa. Akajibu: "Mafiga mawili hayainjike chungu. Mumesema juu ya nyumba na juu ya pesa. Figa ya tatu iko wapi?" Tukamuuliza figa la tatu ni lipi. Akasema: "Watu. Na mukishamaliza watu, kuko maji."

Basi nitafuata njia yake: kwanza moto, halafu maji, halafu watu.

Moto

Nyumba ya mbao na moto havipatani. Sisi wa Kadutu hatuhitaji kitabu kwa kujua hilo. Kila kiangazi tunasikia kelele usiku, tunatoka na ndoo, na mara nyingi kabla hatujafika nyumba tatu ao ine zimekwisha. Manyumba yamebanana, mbao zimekauka, gari la kuzima moto halina njia ya kupita. Kwa hiyo neno la mama mukwe halikuwa ukaidi wa mzee: "Moto ulale peke yake." Wakubwa wetu kijijini waliweza kupika ndani ya nyumba kwa sababu nyumba moja na nyingine zilikuwa na shamba la ndizi katikati. Sisi katikati yetu hakuna hata kipimo cha mkono.

Na hao wa Muhumba anaowasifu shemeji? Zile vila za wakati wa ukoloni, nyingi zilikuwa na jiko upande wa nyuma, karibu na vyumba vya wafanyakazi ambavyo wazee wetu mpaka leo wanaviita boyeri. Mzungu hakutaka harufu ya kitunguu ifike saloni. Mimi ninafundisha historia, nikawaeleza nyumbani pia kwamba kila watu duniani wamepigana na swali hili moja. Huko Lamu, pwani ya Kenya, katika nyumba za kale za mawe, jiko liliwekwa juu kabisa, karibu na paa, ili upepo wa bahari uchukue moshi. Huko Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, mwanamke mchora-nyumba aliyeitwa Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la mita 1.9 kwa 3.4. Alihesabu hatua za mpishi, akaweka kila kitu karibu na mkono, na maelfu ya nyumba za mji ule zikajengwa na jiko hilo. Lilimsaidia sana mama anayetoka kazini akiwa amechoka. Lakini lilihesabu mpishi mmoja tu. Humo koko hana mahali pa kukaa, na mtoto hana pembe ya kufanyia kazi yake ya shule.

Mama mukwe alisikiliza, akauliza: "Huyo mama wa Ujerumani alikuwa na bakamwana bangapi?" Tukacheka, lakini swali lilikuwa la kweli.

Kuhusu moshi, nilikuwa na maneno yangu mwenyewe. Mama mukwe alikuwa anakohoa tangu miaka mingi, na kifua cha mtoto wetu wa mwisho hakikuwa kizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulileta vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajafika miaka 5. Nikasema: tusijenge sanduku la moshi halafu tuliite mila. Mama mukwe akanijibu kwamba moshi nao unafanya kazi: unakausha mahindi ya mbegu, unafukuza wadudu kwenye miti ya paa. Wote wawili tulikuwa na haki. Tukapatana hivi: kuta mbili zisifike kwenye manjanja, zibakize wazi sentimita 30 ili upepo uingie huku utoke kule, juu ya moto kuwe na uchaga wa mbegu, lakini pembeni, si juu ya kichwa cha mpishi, na kila siku tupike kwa mbabula yenye udongo ndani, ile inayokula makala kidogo. Umeme wa SNEL hatukuuhesabu. Ruzizi I ilijengwa kabla ya uhuru, Ruzizi II ikaanza 1989, na bado ukiweka maharagi kwenye reshoo ya umeme, delestaji itakukuta yangali mawe.

Hiyo mbabula nayo si jambo la pesa tu. Makala tunayochoma Bukavu yanatoka kwenye milima na misitu inayotuzunguka, na mengine yanatoka katika mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1970, ikaandikwa urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kila mfuko unaopungua jikoni ni miti michache iliyobaki imesimama.

Mwishowe jiko likapata mahali pake: nyuma ya nyumba, la matofali ya kuchoma, limeachana na ukuta wa mbao kwa mita moja na nusu, na katikati kipande cha barza kilichofunikwa kwa manjanja ili mtu asilowe akibeba sahani. Ni ndani, na ni nje. Shemeji aliliita jiko la watu wasiojua kuchagua. Leo ndiye wa kwanza kukaa kwenye barza ile.

Maji

Hapa ndipo kazi ilipotaka kuharibika.

Parseli yetu iko juu ya parseli ya jirani, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Katika Bushi ya zamani, mtu alipata udongo kwa kalinzi: alitoa ng'ombe ao mali nyingine kwa mwenye udongo, na kalinzi ile ilimfunga yeye na watoto wake mbele ya watu. Leo mjini tunaishi chini ya sheria ya 20 Julai 1973: udongo ni wa Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia, na mwenye kujenga anatakiwa kuwa na ruhusa. Karatasi ni za lazima, nasi tulizitafuta. Lakini karatasi inaonyesha mpaka. Haionyeshe maji yatapita wapi. Hilo unalizungumza na jirani, ukiwa umekaa kwake.

Tulikwenda watatu, mama mukwe, bwana wangu na mimi, tumebeba kasiksi, juu hauendi kuomba neno kwa mtu mikono ikining'inia. Mzee alitupokea vizuri, alikunywa, halafu tulipotaja jiko akaweka kikombe chini. "Hapana, mama mwalimu. Maji ya parseli za juu tumeyakunywa miaka makumi mbili. Siku ile ukuta ya chumba ya batoto ilianguka usiku, ni Mungu tu ndiye alikuwa amebapeleka kulala kwa koko yabo. Jiko ni maji. Mutaosha vyombo, mutamwaga. Mvua itapiga manjanja, itamwaga. Kwa nani? Kwangu."

Hakukuwa na la kumjibu, juu alisema kweli. Paa ni mlango mpya wa maji. Udongo uliokuwa unakunywa mvua unafunikwa, na maji yote yanakusanyika kwenye mstari mmoja, yanashuka na nguvu. Mwaka 2022 watafiti, Wakongomani na wageni pamoja, walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchunguzi juu ya mteremko wa Funu, hapa hapa Kadutu. Walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani kwa muda wa karibu miaka 70. Waliona kwamba mlima ule unateleza polepole, na mahali watu walipojenga kwa wingi mwendo wake uliongezeka. Sababu wanayoifikiria ni maji: manyumba na barabara vimebadilisha njia za mvua, na mabomba yanavuja chini ya udongo. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, mmoja wa Funu akasema: "Madamu, sisi mulango yetu tunaichonga kila mwaka, inakataa kufunga." Hakuhitaji jarida.

Pale kwa jirani bwana wangu alitaka kuinuka. Mama mukwe akamvuta shati. Akamgeukia mzee: "Bomba yenu ya REGIDESO ilitoa maji siku gani?" Mzee akasema leo ni siku ya ine hakuna tone. "Batoto banaenda kuchota wapi?" Akataja chemchemi ya mbali, na namna wasichana wake wanavyoamka saa kumi ya usiku. Mama mukwe akasema: "Basi maji ya paa yetu yasikuangukie. Uyachote."

Nikatoa kalamu, tukahesabu. Paa la jiko pamoja na barza ni kama mita za mraba 15. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya saa moja, inatoa lita 300. Mapipa mawili ya lita 200 yangetosha kuishika. Tulipatana hivi: manjanja yainamie upande wa mpaka, chini yake mfereji wa bati upeleke maji kwenye mapipa, mapipa yakae kwenye mpaka, juu ya mawe, na bomba lake litazame kwao na kwetu pia, yakijaa, maji yanayozidi yafuate mfereji wa mawe na simenti mpaka kwenye mfereji wa avenii. Maji ya kuoshea vyombo, tuyamwagie migomba miwili iliyobaki. Sisi tulitoa simenti na mawe, mzee alitoa watoto wake wanaume wawili kwa kuchimba. Shefu wa avenii alikuja kushuhudia, naye alikunywa kasiksi.

Ninawaambia wanafunzi wangu: hiyo ndiyo kalinzi ya mjini. Hakuna ng'ombe, lakini kuna kitu kinachotolewa mbele ya mashahidi, na kinakufunga.

Watu

Baada ya maji, mama mukwe alichora jiko lake kwa kijiti kwenye udongo, fundi amesimama karibu. Alianza na mahali pa kukaa. Moto ulifuata baadaye.

Alitaka benchi ya matofali kwenye ukuta mmoja, urefu mita 3. Fundi akasema benchi itakula nafasi. "Jiko isiyo na mahali ya kukaa ni duka," akamjibu. Alitaka mlango uwe upande ambao mpishi hampe mgongo anayepita, juu anayepita wakati wa chakula anaitwa, hata kama bugali ni kidogo. Alitaka dirisha chini kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, litazame njia. Fundi alizoea kuweka dirisha usawa wa mtu aliyesimama. Ilibidi mama mukwe akae kwenye bidoni ndipo fundi akapima kutoka kwenye jicho lake. Na pembeni, mbali na mbabula, alitaka mafiga matatu yabaki, kwa sufuria kubwa: sombe ya siku ya sherehe, maharagi ya siku ya kilio.

Nimefikiri sana juu ya benchi ile. Katika saloni mtu anasema habari. Jikoni anasema shida. Wakati mikono inachambua maharagi na macho yanatazama moto, mtu hatazamwe usoni, na neno gumu linapata njia. Kuna dada wa avenii yetu alikuja kuomba chumvi, alikaa masaa mawili, alitoka amefuta macho, na chumvi akaisahau. Wazee wetu walijua hilo. Bibi arusi alifundishwa jikoni, mtoto mkaidi alionywa jikoni, na hadithi za sungura na fisi zilisimuliwa hapo jioni wakati bugali inangoja.

Shuleni naona tofauti. Nikiwaambia wanafunzi walete methali moja na maana yake, wale waliokulia karibu na koko anayepika wanaleta tatu, na wanaeleza lini inasemwa na nani anaambiwa. Wengine wanaleta maneno ya filamu. Siwalaumu. Aliyepanga nyumba yao hakuweka mahali ambapo mtoto na mzee wanakaa pamoja bila kuitana.

Lakini nisidanganye kwamba jiko la zamani lilikuwa zuri katika yote. Lilikuwa na sheria yake: mwanamume hafunue sufuria. Mama aliamka wa kwanza, akalala wa mwisho, na moshi wote ulikuwa wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwa siku ambayo kijana wetu mkubwa angeshika mwiko mbele ya koko yake. Sikuyatumia. Ni yeye mwenyewe aliyemwita: "Kuja usonge bugali." Shemeji akashangaa. Akamwambia: "Oktoba 1996, vita ilipoingia Bukavu, tulikimbilia msituni. Niliona wanaume wenye nguvu wanabeba unga kichwani, na njaa inabaua, juu hakuna mwanamuke wa kubapikia. Mila gani hiyo ya kufa na unga kichwani?"

Hapo nilielewa kwamba mama mukwe, ambaye sisi tulimwona kama mlinzi wa mambo ya zamani, alikuwa anachagua. Na wazee wote wamechagua. Tazama sahani yetu: muhogo ulitoka Amerika karne nyingi zilizopita; sambaza, ambao wageni wanawaita chakula cha asili cha Bukavu, waliletwa ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mama mukwe alikuwa tayari msichana mdogo anayechota maji. Kila kimoja kiliingia, kikapewa nafasi karibu na moto, leo kinaitwa chetu.

Kazi yenyewe

Tulianza katikati ya Juni 2023, kiangazi kikiwa kimeshika. Matofali 1,600 yalitoka upande wa Kabare. Lori liliyamwaga kwenye barabara kubwa, na kutoka pale yalipanda kichwani, kumi kumi, kwenye mabega na migongo ya vijana na akina mama wa kubeba mizigo. Mchanga ulipanda hivyo hivyo, kwa mifuko. Yeyote anayejenga Cimpunda ajue: bei ya tofali ni nusu, nusu nyingine ni shingo ya aliyelibeba. Tuliwalipa kila jioni, na kila saa sita walikula kwetu. Siku ya kuweka msingi shemeji zangu na watoto wa jirani walifanya kama salongo, bila mshahara, na fundi aliyesema jiko ni kuta ine na mlango alikuwa wa kwanza kuuliza mzee wa chini kama mteremko wa mfereji unamridhisha.

Wiki ya kwanza ya Septemba, wakati shule zinafungua, manjanja yalipigwa msumari wa mwisho. Mama mukwe hakuruhusu kiberiti. Alichukua makaa kutoka kwenye moto wa zamani kwa kigae, akatembea nayo polepole kupitia barza, akayaweka katikati ya mafiga matatu yale yale, tuliyoyang'oa kwenye kibanda. Majivu ya kwanza aliyahifadhi kwa kuchanganya na maharagi ya mbegu, wadudu wasiingie. Jirani wa chini alileta kuni. Mvua ya kwanza ilinyesha baada ya siku chache; mapipa yalijaa, na asubuhi nilikuta binti zake wanachota, wanaimba. Kikohozi cha mama mukwe hakikuisha, ni cha zamani sana, lakini kilipungua, na kifua cha mtoto kimetulia.

Katikati ya Februari 2025, vita ilipofika tena Bukavu, ndugu zetu wa upande wa Kavumu walifika kwa mguu. Tulikuwa watu 17 katika nyumba ya vyumba vitatu. Benki zilifungwa, soko liliogopa. Yale mafiga matatu yakarudi kazini kila siku, sufuria kubwa juu. Kijana wetu na binamu zake walisonga bugali kwa zamu. Usiku watoto walilala kwenye jiko, juu kuta zake ni za tofali na za nyumba ni za mbao, na maji ya mapipa yalitugawanyia sisi na wa chini siku ambazo hakuna aliyetaka kutoka kwenda chemchemi. Hatukujenga tukifikiria hayo. Lakini jiko lililopimwa kwa mpishi mmoja lisingetutosha.

Basi wewe unayekusanya matofali yako kidogo kidogo, na unataka kuongeza jiko kwenye nyumba ya wazee wako, nakuomba uulize kwanza. Muulize mwenye kupika anakaa wapi na anatazama nini. Muulize aliye chini yako maji yapite wapi, na uende kwake na kitu mkononi. Waulize watoto wako wa kiume kama wanajua kuwasha mbabula. Pima umbali kati ya moto na mbao. Ukishapata majibu hayo yote, mwite fundi; atakuambia bei ya simenti.